Adapta ya pini 24 kwenda pini 10: kilichomo ndani ya ile nundu nyeusi

Mdogo wangu aliniletea kompyuta yake ya mezani ikiwa imefunguliwa ubavu, na kwapani amebana pawa saplai, lile boksi linaloipa kompyuta umeme, niliyompa wiki moja kabla. Ya zamani ilikuwa imekufa siku umeme ulipokatika na kurudi ghafla. “Dada, hiki kichwa hakiingii popote,” akasema, ameshika kile kichwa kipana cha pini 24 anachokijua kila aliyewahi kufungua kompyuta. Nikainama kuitazama bodi mama, ile bodi kubwa inayobeba vipande vyote. Ukingoni, mahali ambapo huwa na tundu refu la safu mbili, pini kumi na mbili juu na kumi na mbili chini, palikuwa na tundu fupi la pini kumi tu. Karibu na prosesa palikuwa na konekta ya pini 4 ya kawaida, ile ya mraba. Hakuna kingine.

Hapo ndipo nilipoanza kuitafuta adapta ninayoieleza hapa. Ni kebo yenye tundu la pini 24 upande mmoja, kichwa cha pini 10 upande wa pili, na katikati yake nundu nyeusi yenye ukubwa wa kidole gumba. Haina jina la kampuni wala maandishi yoyote. Imo ndani ya kompyuta ya mdogo wangu kwa mwezi wa nne sasa, inawashwa asubuhi na kuzimwa usiku. Nimeridhika nayo, ingawa nina malalamiko nayo ambayo nitayasema bila kuyapunguza. Ila kwanza niieleze ile konekta yenyewe. Anayeagiza adapta hii bila kuijua konekta yake anabahatisha, na mimi nilibahatisha mara ya kwanza nikapoteza siku kumi.

Siri yote ilikuwa kwenye lebo ya pawa saplai iliyokufa. Lebo ya pawa saplai ya kawaida ina orodha ndefu: volti 3.3, volti 5, volti 12, volti 12 za hasi, na volti 5 za kusubiri, yaani ule umeme mdogo unaobaki ukiingia kwenye bodi hata kompyuta ikiwa imezimwa, ili kitufe cha kuwashia kiweze kufanya kazi. Lebo hii ilikuwa na mistari miwili tu. Volti 12. Volti 12 za kusubiri. Niliisoma tena na tena nikidhani sehemu nyingine imefutika.

Haikufutika. Mwaka 2019 Intel, kampuni ya kutengeneza prosesa, walitoa mwongozo wa pawa saplai unaoitwa ATX12VO, na maana ya zile herufi mbili za mwisho ni kwamba kinachotoka ni volti 12 peke yake. Mpangilio wa ATX tuliouzoea, yaani kanuni za pamoja za bodi na pawa saplai, ulianza mwaka 1995, wakati ambapo vipande vingi vya bodi vilikula volti 5 na 3.3 moja kwa moja kutoka kwenye pawa saplai, kwa hiyo ilikuwa haki pawa saplai izitengeneze zote. Baadaye prosesa zikawa na njaa kubwa zaidi na zikahamia kwenye volti 12. Ile konekta ya mraba ya pini 4 ikaongezwa mwaka 2000, na kichwa kikuu kikapanda kutoka pini 20 hadi 24 mwaka 2003. Leo karibu kazi yote nzito inafanywa na volti 12, na zile volti ndogo zimebaki kama mzigo, hasa kompyuta inapokaa bila kufanya kazi: pawa saplai inaendelea kuzitengeneza na kupoteza umeme kwa joto. ATX12VO inaiondolea pawa saplai kazi hiyo na kuikabidhi bodi mama. Bodi inapokea volti 12, kisha inajitengenezea yenyewe 5 na 3.3.

Nilipolijua hilo, bodi ya mdogo wangu ikaanza kueleweka kwa macho. Pembeni mwa ile konekta kulikuwa na koili kadhaa (nyaya zilizoviringishwa) na kapasita (vipande vinavyohifadhi umeme kidogo) zilizopangwa kama kituo kidogo cha umeme, mahali ambapo kwenye bodi nyingine huwa patupu. Na chini kidogo kulikuwa na kikonekta kidogo cheupe ambacho nilidhani ni cha feni. Kumbe ndicho kinachotoa umeme wa diski za SATA, zile za kuhifadhia data! Kwenye mpangilio huu umeme wa diski unatoka kwenye bodi, maana pawa saplai haina volti 5 za kuzipa.

Lakini lebo ni lebo. Zipo kompyuta za ofisini zenye konekta za pini 6, 8, 10 au 14 ambazo kila kampuni ilijipangia inavyotaka, na pini kumi za kampuni moja si pini kumi za nyingine. Kuna hata zile za miaka ya nyuma zilizotumia tundu lenye umbo lilelile la ATX huku nyaya zimepangwa tofauti. Mtu alichomeka pawa saplai ya kawaida, ikaingia vizuri kabisa, na bodi ikaungua. Umbo la konekta si ushahidi wa kinachopita ndani yake. Kwa hiyo nikachukua mita ya kupimia umeme.

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililoniokoa, na halihitaji umeme wowote. Kompyuta haijachomekwa popote. Mita nikaiweka kwenye alama ya mlio, ile inayopiga kelele ncha mbili zikikutana. Ncha nyeusi nikaigandamiza kwenye pete ya shaba inayozunguka tundu la skrubu la bodi, kwa sababu pete hiyo imeungana na grauni, yaani upande wa hasi ambako umeme wote unarudi. Ncha nyekundu nikaipitisha kwenye pini moja baada ya nyingine. Pini 1 kimya. Pini 2 ikalia. Pini 3 ikalia. Pini 4 ikalia. Pini 5 kimya. Kwenye safu ya pili, pini 6 na 7 kimya. Pini 8 ilinishtua: ililia mara moja kwa kifupi, kama mdudu, halafu ikanyamaza. Nikarudia, haikulia tena. Nikahamia 9 na 10, kimya. Ule mlio mfupi ulikuwa ni kapasita za bodi zikijaa kwa umeme mdogo wa mita yenyewe. Zikishajaa, njia inafungika. Ni dalili nzuri. Inaonyesha umegusa njia kuu yenye kapasita kubwa, na kwamba haijashikana na grauni. Kisha nikagusa 8 na 9 kwa pamoja: mlio mrefu. Na 9 na 10: mlio mrefu. Zote tatu ni njia moja.

Grauni tatu kwenye 2, 3 na 4. Volti 12 tatu kwenye 8, 9 na 10. Huo ndio mpangilio wa ATX12VO. Pini 5 imeachwa bila kazi, na kweli kebo ya pawa saplai ya zamani haikuwa na waya mahali hapo. Zinabaki tatu. Pini 1 ndiyo ya kuwashia: bodi inaivuta kwenye grauni ili kuiambia pawa saplai ianze. Pini 6 ndiyo pawa saplai inajibia kwamba umeme umetulia, bodi inaweza kuendelea. Kwenye ATX ya kawaida jibu hilo linakuja kati ya milisekunde 100 na 500 baada ya umeme kutulia. Pini 7 ni volti 12 za kusubiri. Nikachora kwenye karatasi, nikaibandika kwa selotepu ndani ya kasha. Nyaya za pawa saplai ile zilikuwa nyeusi zote, kwa hiyo kwa rangi nisingejua lolote.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Kabla ya kufanya hayo yote nilikuwa nimeshaagiza adapta nyingine, ya bei nafuu, iliyoandikwa tu kwamba ni ya pini 24 kwenda pini 10. Ilipofika ilikuwa safi, nyaya laini, vichwa vimekaa sawa. Nikaichomeka, nikabonyeza kitufe. Hakuna kitu. Hata taa ndogo ya kijani ya kwenye bodi haikuwaka. Mdogo wangu akanitazama usoni akisubiri niseme bodi imekufa.

Haikuwa imekufa. Nilipopima pini 7 ya adapta ile nilisoma volti 5.02. Aliyeitengeneza alikuwa amechukua waya wa zambarau wa volti 5 za kusubiri kutoka kwenye pini 9 ya kichwa cha 24 na kuupeleka moja kwa moja kwenye pini 7, mahali panapotakiwa volti 12. Bodi ilikuwa inasubiri 12, inapewa 5, na sehemu yake ya kusikiliza kitufe haikuamka. Kwa bahati njema kupewa kidogo hakuunguzi. Nilimwandikia muuzaji na vipimo vyangu na picha ya mita. Alinijibu kwamba adapta inafanya kazi kwa kompyuta nyingine. Huenda ni kweli, kwa sababu zipo bodi za pini 10 za mpangilio mwingine, ila kwenye tangazo lake hakuwa ameandika ni zipi. Hilo liliniuma, maana mwenye bodi kama ya mdogo wangu na asiye na mita angeitupa bodi nzima.

Ndiyo maana nundu nyeusi ya adapta hii ya pili ni jambo kubwa kwangu. Nilipoipokea sikuichomeka. Niliipasua kwanza upande mmoja kwa wembe, taratibu, lile ganda la plastiki linalonywea kwa joto, nikamulika tochi. Ndani kuna kibao kidogo cha kijani. Juu yake kuna koili ya mraba iliyoandikwa 100, ambayo kwa lugha ya koili ni maikrohenri 10, kichipu cha miguu sita kidogo kuliko punje ya mtama, diodi moja, kapasita mbili za rangi ya udongo. Hii ni sakiti ya kupandisha volti. Inapokea zile volti 5 za kusubiri na kuzitoa zikiwa 12. Ulehemu ulikuwa safi, unang’aa, isipokuwa sehemu moja ya grauni ambayo risasi ilikuwa imerundikana kidogo. Sikuigusa. Nikaifunga tena kwa utepe wa umeme, mizunguko mitatu.

Kisha nikaipima peke yake, bila bodi. Na wewe utakayenunua yoyote ya aina hii, fanya hivyo hivyo kabla hujaiamini. Nilichomeka adapta kwenye pawa saplai, nikawasha swichi ya nyuma, na kabla ya jambo lolote nikapima pini 7 kwa kulinganisha na pini 2. Volti 12.1. Nikashusha pumzi. Halafu nikachukua kipande cha waya, nikaunganisha pini 1 na pini 2, yaani nikafanya kazi ya kitufe kwa mkono. Feni ya pawa saplai ikazunguka. Pini 8, 9 na 10 zote zikasoma 12.08. Pini 6, ile ya jibu, ikapanda hadi volti 5. Kila kitu mahali pake. Ndipo nikaizima, nikachomeka kwenye bodi, na ile taa ya kijani ikawaka kabla hata sijagusa kitufe. Mdogo wangu alipiga kofi mezani kwa furaha.

Kichwa chenyewe cha pini 10 kinaingia kwa kukaza, kishikizo chake kinabofya na kushika vizuri. Pini za ndani hazichezi ukivuta waya mmoja mmoja, nilizivuta zote. Nyaya ni nene kama zile za pawa saplai nzuri. Hapo sina neno.

Tatizo liliibuka mahali ambapo sikutegemea, na halikuwa la adapta. Pawa saplai ya kwanza niliyompa ilikuwa ya zamani kidogo, ya muundo ambao volti 12 na volti 5 zinasimamiwa kwa pamoja na koili moja. Muundo huo unadhani kwamba kompyuta itakula kiasi fulani kwenye 5 na kiasi fulani kwenye 12. Kwa adapta hii, bodi haili volti 5 hata kidogo. Mzigo wote uko kwenye 12. Saplai inajaribu kuinua 12 iliyolemewa, na 5 ambayo haina mzigo inainuka nayo. Kompyuta ilipokuwa ikifanya kazi nzito nilisoma volti 11.52 kwenye 12, na 5.31 kwenye 5. Mpaka unaoruhusiwa ni asilimia 5 juu au chini, kwa hiyo 5 ilishapita 5.25, na 12 ilikuwa inakaribia 11.4. Kompyuta ilijizima mara mbili jioni ile, mara zote mbili mdogo wangu alipokuwa anahifadhi kazi yake ya chuo. Nilijisikia vibaya sana, kwa sababu saplai ile niliitoa mimi.

Nikabadilisha, nikaweka saplai ya muundo mpya ambayo ndani yake volti 12 ndiyo inayotengenezwa kwanza, kisha 5 na 3.3 zinatolewa kutoka humo kwa sakiti zake zenyewe. Saplai ya namna hii haijali kama 5 ina mzigo au haina. Tangu hapo 12 haijashuka chini ya 11.9. Kwa hiyo ukiniuliza kama adapta ni nzuri, nitakuuliza kwanza unaichomeka kwenye saplai gani. Ikiwa ni ya zamani ya mzigo wa pamoja, adapta nzuri haitakusaidia.

Kitu kingine nilichofanya siku hiyohiyo, na nakipendekeza kwa moyo wote: diski zote nilizitoa kwenye kile kikonekta cheupe cha bodi na kuzichomeka kwenye nyaya za SATA za pawa saplai yenyewe. Zipo, hazina kazi, na zina volti 5 na 12 zake. Kwa hivyo bodi inapumzika, adapta inapumzika, na saplai inapata mzigo kidogo kwenye 5. Diski ya kuzunguka inapoanza inaweza kuvuta hadi karibu ampea 2 kwenye volti 12 kwa sekunde chache. Sioni sababu ya kuzipitisha ampea hizo kwenye adapta.

Na sababu ya kuijali adapta ndiyo lalamiko langu la kwanza. Kichwa cha pini 24 kina pini mbili tu za volti 12, ya 10 na ya 11. Kichwa cha pini 10 kina tatu. Adapta hii inachukua nyaya mbili za njano na kuzigawa ziwe tatu, kwa kuugawa mmoja wao katikati. Ukitazama upande wa bodi utaona nyaya tatu nene na kudhani una nguvu ya nyaya tatu, kumbe zilizopo ni mbili. Mimi nikihesabu kwa tahadhari natumia ampea 6 kwa pini, kwa hiyo ampea 12, ambazo kwa volti 12 ni wati 144. Hesabu hiyo haimhusu prosesa, ambaye analishwa na konekta yake ya pini 4. Ila inawahusu wengine wote: RAM, feni, vifaa vya USB, na kadi yoyote iliyochomekwa kwenye bodi. Kadi ya picha isiyo na konekta yake ya umeme inaruhusiwa kuvuta hadi wati 75 kutoka kwenye tundu lake, na zote zingepita hapa. Mdogo wangu anaandika na kuchora ramani, hana kadi ya namna hiyo. Angekuwa nayo ningemshauri atafute pawa saplai halisi ya ATX12VO na kuachana na adapta. Nimegusa kichwa cha pini 24 baada ya saa mbili za kazi nzito, ni cha vuguvugu tu. Nilipima pia volti kwenye kichwa cha saplai na kwenye bodi kwa wakati mmoja wa kazi: 12.08 na 11.97. Upotevu huo naukubali.

Lalamiko la pili ni ile nundu kuning’inia hewani. Ni nzito kuliko waya, inavuta, na kasha likisogezwa inagonga. Nilifunga kwa kamba ya plastiki kwenye ukingo wa chuma wa kasha, mbali na feni, nikihakikisha ganda lake halikwaruzwi. Mtengenezaji angeweka kishikio kidogo tu jambo hili lingekwisha.

La tatu ni la USB, na si watu wengi watakaolikuta. Umeme wa kusubiri wa saplai yetu umeandikwa volti 5 kwa ampea 2.5, ambazo ni wati 12.5. Ukipandisha kuwa volti 12 na kutoa kinachopotea njiani kwa joto, unabaki na chini kidogo ya ampea 1. Inatosha kwa bodi iliyolala. Lakini mdogo wangu ana tabia ya kuchomeka simu kwenye kompyuta iliyozimwa ichaji usiku. Nilipima hali hiyo: 12.0 ilishuka hadi 11.7, na nundu ikawa ya moto kama chaja ya simu inayofanya kazi sana. Bado imo ndani ya mpaka. Nilimwambia, “Achana na hilo, tumia chaja yako,” na ameacha. Ukiwa na vifaa vitatu vinavyochaji usiku kucha, adapta hii haikufai.

Kuna wanaoniambia ningelehemu kibao cha kupandisha volti mwenyewe, kwa kuwa vinapatikana kirahisi. Ningeweza. Lakini kebo hii inabeba uhai wa bodi ya mtu mwingine, na kichwa cha pini 10 kilichobanwa kwa mashine kinashika kuliko nitakavyokibana mimi kwa koleo. Hapo adapta hii imenistahilia gharama yake.

Tangazo lake, hata hivyo, linanikera kama lile la kwanza. Limeandika pini 24 kwenda pini 10, likaonyesha picha, basi. Halisemi ATX12VO popote, halisemi kwamba kuna sakiti ya kupandisha volti ndani, halionyeshi pini ipi ni ipi. Mimi niliichagua kwa sababu niliiona nundu kwenye picha na kukisia. Mtu mwingine angeiona hiyo nundu na kudhani ni kasoro, akachagua ile safi isiyo na nundu, na angeishia na volti 5.02 kwenye pini 7.

Juzi mdogo wangu alinitumia picha ya bodi ya mwenzake, nayo ina pini kumi, na mwenzake alikuwa tayari ameiweka adapta hii kwenye orodha ya kununua. Nilimwomba achukue mita, ncha nyeusi kwenye pete ya skrubu, aniambie zipi zinalia. Akaniandikia baada ya dakika chache: grauni zimekaa mahali pengine kabisa, na pini 8 inalia moja kwa moja bila kunyamaza. Kwenye bodi ile pini 8 ni grauni. Adapta hii ingeipelekea volti 12. Nikamjibu wasiagize chochote, wanitumie kwanza picha ya lebo ya pawa saplai.